Siku 39 za Kardinali Mindszenty: Uhakiki wa Kumbukumbu Zake

Mnamo Februari 2019 Papa Fransisko aliidhinisha tamko la kwamba Kardinali József Mindszenty, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Esztergom na mkuu wa maaskofu Wakatoliki wa Hungaria, aliziishi fadhila za Kikristo kwa kiwango cha kishujaa. Tamko hilo ni hatua inayotangulia mtu kutangazwa mwenye heri. Sisi Walutheri hatuna utaratibu wa namna hiyo, wala hatuuhitaji. Hata hivyo Ungamo la Augsburg, katika ibara yake ya 21, linafundisha ya kuwa watakatifu wakumbukwe ili imani yetu itiwe nguvu tuonapo jinsi walivyopata neema. Yafaa msomaji alipime neno hilo: jinsi walivyopata neema, si jinsi walivyokuwa hodari. Kwa kipimo hicho tumekisoma tena kitabu cha kumbukumbu alichokitoa Mindszenty mwaka 1974, mwaka mmoja kabla ya kufa kwake, ambacho wengi wa ndugu zetu wachungaji wanakijua kwa tafsiri ya Kiingereza.

Dai letu ni moja, nasi tunalitoa mapema. Kitabu hiki kina sura chache ambamo mwandishi anasimulia jinsi alivyovunjwa, na sura hizo ni miongoni mwa ushuhuda wa kweli kabisa uliowahi kuandikwa na mtumishi wa Kanisa katika karne ya 20. Lakini sehemu kubwa iliyobaki imeandikwa kana kwamba sura hizo hazikuwahi kuwapo.

Maisha ya mtu huyu yanajulikana, nasi tutayapitia upesi. Alizaliwa tarehe 29 Machi 1892 katika kijiji cha Csehimindszent, magharibi mwa Hungaria, kwa jina la József Pehm; jina la Mindszenty alilitwaa mwaka 1942 kutokana na kijiji chake, ili kulikataa jina lenye asili ya Kijerumani wakati wa nguvu za Hitler. Alipata upadre mwaka 1915. Mwaka 1919 alikamatwa kwa mara ya kwanza, na baada ya hapo akakaa padre wa parokia huko Zalaegerszeg kwa robo karne. Machi 1944 akawekwa kuwa askofu wa Veszprém, na Novemba ya mwaka uleule akafungwa na wafashisti wa chama cha Misalaba ya Mishale. Walipoondoka hao wakaja Warusi. Mwaka 1945 akapandishwa kuwa Askofu Mkuu wa Esztergom, na Februari 1946 akawa kardinali. Tarehe 26 Desemba 1948, siku ya Mtakatifu Stefano shahidi, polisi wa siri walimkamata nyumbani kwake. Kuanzia tarehe 3 hadi 8 Februari 1949 alishtakiwa mbele ya mahakama ya Budapest kwa uhaini, kula njama ya kuipindua jamhuri, na biashara haramu ya fedha za kigeni. Akahukumiwa kifungo cha maisha.

Kati ya Desemba 26 na Februari 3 zipo siku 39. Humo ndimo kilimo kiini cha kitabu.

Kabla hajakamatwa, Mindszenty alijua nini kinachomngoja. Katibu wake, Padre András Zakar, alikuwa amekwisha kukamatwa mwezi Novemba. Basi akaandika tamko na kulitia katika bahasha iliyofungwa, kwa ajili ya maaskofu wenzake. Humo alisema ya kwamba hakushiriki njama yoyote, kwamba hatajiuzulu, na kwamba endapo watasikia amekiri au amejiuzulu, basi walihesabu jambo hilo kuwa ni udhaifu wa mwili wa kibinadamu, nalo ni batili tangu sasa. Tunawaomba wanafunzi wetu watulie hapa kidogo. Mtu huyu, aliyejulikana nchini mwake kwa shingo ngumu kuliko wote, hakuwaandikia wenzake ya kwamba hatavunjika. Aliwaandikia nini cha kufikiri atakapovunjika. Petro katika ua wa kuhani mkuu hakuwa na bahasha ya namna hiyo; yeye alikuwa ameapa kwamba hataanguka hata kama wengine wote wataanguka.

Kisha yakaja yenyewe. Alipelekwa katika nyumba namba 60 ya barabara ya Andrássy, ambayo wafashisti walikuwa wameifanya makao yao kabla ya polisi wa kikomunisti kuirithi. Anasimulia jinsi alivyovuliwa kanzu yake na kuvikwa mavazi ya kichekesho, jinsi alivyopigwa usiku kwa rungu la mpira akiwa uchi, jinsi alivyonyimwa usingizi, akapelekwa mbele ya wapelelezi na kurudishwa kupigwa tena kwa sababu hakutia sahihi. Anaeleza haya bila mapambo. Hatupati humo hotuba za shahidi mbele ya liwali. Tunapata mzee wa miaka 56 ambaye kumbukumbu inamponyoka, asiyejua tena lililo neno lake na lililo neno la wanaomtesa, na ambaye siku moja anatia sahihi. Anasema kwamba kando ya jina lake aliandika herufi mbili, c.f., kifupi cha maneno ya Kilatini yenye maana kwamba alifanya kwa kulazimishwa. Na walipomwuliza, akawaambia ni kifupi cha cheo cha kardinali. Herufi mbili tu ndizo zilizobaki mikononi mwa mkuu wa Kanisa la nchi nzima. Hatujui katika maandiko ya viongozi wa Kanisa wa zama zetu mahali pengine ambapo udogo wa mwanadamu umeonyeshwa kwa wino mchache kiasi hicho.

Na hata herufi hizo hazikumwokoa. Mahakamani ilisomwa barua yake kwa waziri wa sheria, ambamo alikubali kwa jumla aliyoshtakiwa na kusema yu tayari kujitenga na kazi yake kwa muda kwa ajili ya amani kati ya Kanisa na serikali. Tamko la bahasha nalo lilitajwa, naye akasema mbele ya watu kwamba hasimami tena juu yake. Yaani alikana hata kile kinga alichojiwekea dhidi ya kukana. Serikali ilikuwa imekwisha kutoa kitabu cha nyaraka kabla ya kesi. Na mwaka uleule wa 1949 mtaalamu wa miandiko, László Sulner, na mkewe walitoroka nchi wakadai kwamba walitumiwa kughushi. Mabishano juu ya karatasi ipi ilikuwa ya kweli na ipi ya uongo yana nafasi yake katika historia. Kwetu sisi lililo zito ni kwamba mwandishi mwenyewe, miaka ishirini na mitano baadaye, hakujificha nyuma ya mabishano hayo. Angeweza kusema kila kitu kilighushiwa. Hakusema hivyo. Alisema: nilivunjwa.

Luther, katika hoja zake za Heidelberg za mwaka 1518, alitofautisha mwanatheolojia wa utukufu na mwanatheolojia wa msalaba, na alama ya huyu wa pili ni kwamba hulitaja jambo kama lilivyo. Kwa sura hizo za siku 39 Kardinali Mindszenty, ambaye kwa hakika hangependa kupewa heshima hiyo na Walutheri, anastahili kuhesabiwa miongoni mwa wanatheolojia wa msalaba.

Sasa tugeukie sehemu ya pili ya dai letu, ambayo ni chungu zaidi.

Sura zinazotangulia kukamatwa kwake zinamwonyesha Mindszenty akiutazama uaskofu mkuu wa Esztergom kuwa si kiti cha kichungaji tu. Kwa mapokeo ya kale ya Hungaria, mwenye kiti hicho alikuwa wa kwanza baada ya mfalme, mlinzi wa katiba pale mfalme asipokuwapo. Ilipotangazwa jamhuri tarehe 1 Februari 1946, yeye alipinga. Mwaka 1947 alipokuwa Marekani alionana na Otto, mrithi wa ukoo wa Habsburg. Haoni aibu juu ya hayo, wala hatumtaki aone, maana kumpenda mfalme asiyekuwapo si uhaini. Lakini katika kurasa hizo uhuru wa Kanisa kulihubiri Neno, haki ya wazazi juu ya mafundisho ya watoto wao, mashamba makubwa ya Kanisa yaliyogawanywa mwaka 1945, na taji la Mtakatifu Stefano, vyote vimefungwa katika furushi moja. Msomaji wa Kilutheri, aliyefundishwa kupambanua tawala mbili za Mungu, atataka kulifungua furushi hilo kwa upole na kuuliza lipi kati ya haya askofu alikuwa na haki ya kulifia. Mwandishi hafungui. Wala tusisahau upande wa pili: alipowatetea Wajerumani wa Hungaria waliofukuzwa nchini kwa wingi baada ya vita, yeye aliyekuwa amelitupa jina la Kijerumani, alitenda kazi ya askofu kwa ukamilifu wake, na hakupata faida yoyote.

Kasoro kubwa hasa iko kwingine. Tarehe 30 Agosti 1950 maaskofu Wakatoliki wa Hungaria walitia sahihi mapatano na serikali. Mapatano hayo yaliwapatia shule nane tu za sekondari, kutoka maelfu ya shule za Kanisa zilizotaifishwa Juni 1948. Sahihi hiyo haikutolewa na watu waliokaa kwa raha. Kiangazi kile watawa wa kiume na wa kike walikuwa wakiondolewa usiku katika nyumba zao na kupakiwa kwenye malori. Aliyetia sahihi kwa niaba ya maaskofu alikuwa Askofu Mkuu József Grősz wa Kalocsa. Na Juni 1951, chini ya mwaka mmoja baadaye, Grősz mwenyewe akahukumiwa kifungo cha miaka 15. Hapa tulitazamia kwamba mwandishi wa zile sura za siku 39 angesimama. Yeye ndiye aliyejua kuliko mtu mwingine yeyote nini maana ya mkono kuandika kile moyo usichokitaka. Yeye ndiye aliyewaachia wenzake bahasha akiwataka wauhesabu udhaifu wake kuwa udhaifu. Je, hao wenzake hawakuwa na mwili? Tumetafuta katika kitabu mahali ambapo siku zile 39 zinatupa nuru yake juu ya Agosti 1950, wala hatukupaona. Kuhusu wale walioitwa mapadre wa amani, waliojiunga na harakati iliyoungwa mkono na serikali, maneno yake ni makali kabisa. Wengine kati yao waliyastahili. Walikuwamo wapenda vyeo. Lakini walikuwamo pia walioogopa, na kitabu hakiwapambanui.

Yamkini mtu atatuambia: aliyekaa gerezani ana haki ya ukali. Tunakubali. Miaka minane ya kifungo, kisha siku chache za uhuru wakati wa mapinduzi ya Oktoba 1956, kisha hotuba ya redio tarehe 3 Novemba, na kesho yake vifaru vya Kirusi vikiingia Budapest. Alikimbilia ubalozi wa Marekani akidhani ni kwa muda mfupi. Akakaa humo hadi tarehe 28 Septemba 1971. Jengo hilo liko katika uwanja uitwao Uwanja wa Uhuru, na kwa miaka 15 magari ya polisi wa siri yalimngojea nje. Mama yake, aliyemtembelea gerezani, alikufa mwaka 1960 naye hakuweza kumzika. Hatumhukumu mtu huyo. Tunahakiki kitabu chake, na kitabu kikiisha kuwekwa mikononi mwa Kanisa, Kanisa linapaswa kuuliza kinafundisha nini.

Nasi Walutheri tunayo sababu ya kuliuliza swali hili kwa unyenyekevu. Katika nchi ileile na mwaka uleule, miezi mitatu na zaidi kabla ya Mindszenty, alikamatwa askofu wetu Lajos Ordass. Yeye alikuwa amechaguliwa mwaka 1947 huko Lund kuwa mmoja wa makamu wa rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani. Serikali ilimtaka ajiuzulu, naye akakataa. Kosa alilobandikwa lilihusu fedha za kigeni, yaani msaada uliotoka kwa ndugu wa ng'ambo. Akapewa miaka miwili. Tarehe 14 Desemba 1948, Ordass akiwa gerezani, Kanisa lake lilitia sahihi mapatano na serikali. Siku kumi na mbili baadaye akakamatwa kardinali. Hivyo ndivyo ilivyokuwa: Walutheri walikuwa wametangulia kutia sahihi karibu miaka miwili kabla ya Wakatoliki. Mlutheri anayekinyoshea kidole kiburi cha Mindszenty na aikumbuke tarehe hiyo kwanza.

Ordass alirudishwa kazini mwaka 1956, akahubiri katika mkutano mkuu wa Fungamano huko Minneapolis mwaka 1957, na mwaka 1958 akaondolewa mara ya pili. Mahali pake akawekwa Zoltán Káldy. Huyu ndiye aliyekuja kufundisha ile iitwayo theolojia ya diakonia, ambayo katika Hungaria ya wakati huo ilikuwa na maana ya Kanisa kuutumikia ujenzi wa jamii ya kijamaa, nalo neno zuri la Agano Jipya likafanywa ngao ya utii. Na hapa historia hii inatugusa sisi wa Afrika Mashariki moja kwa moja. Mwaka 1977, katika mkutano mkuu uliofanyika Dar es Salaam, Fungamano lilimchagua Askofu Josiah Kibira wa Bukoba kuwa rais wake, Mwafrika wa kwanza kushika kazi hiyo. Na mkutano huohuo ukatamka kwamba ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini ni jambo linalogusa ungamo lenyewe la imani. Mkutano uliofuata ulikuwa Budapest, mwaka 1984. Huko makanisa mawili ya wazungu wa Kusini mwa Afrika yalisimamishwa uanachama kwa kushindwa kuukataa ubaguzi huo, jambo ambalo tulilishukuru na tunalishukuru hadi leo. Na huko huko, kumrithi Kibira, akachaguliwa Káldy. Mchungaji mmoja wa Hungaria, Zoltán Dóka, alikuwa ameandika barua ya wazi akieleza jinsi theolojia ya askofu wake ilivyoshurutishwa kwa wachungaji. Barua hiyo ilisikiwa na wachache. Tulikuwa na macho makali ya kuiona dhambi iliyokuwa karibu na ngozi yetu. Ile iliyokuwa imekaa mezani pamoja nasi ilitupita.

Basi tukimlinganisha Ordass na Mindszenty, hatufanyi hivyo ili kumpandisha wa kwetu. Wote wawili walikataa kujiuzulu. Wote wawili walifungwa kwa mashtaka yaliyohusisha fedha za kigeni. Tofauti ni kwamba Ordass hakuwa na taji la kulinda wala kiti cha kwanza baada ya mfalme, na kwa hiyo kukataa kwake kulikuwa kumevuliwa nguo zote za historia. Ilibaki tu hoja kwamba askofu aliyeitwa na Kanisa haondolewi na polisi. Baada ya 1958 aliishi Budapest kwa utulivu hadi kufa kwake mwaka 1978, wala ulimwengu haukumtengenezea filamu. Mindszenty ulimtengenezea. Na sisi tunashuku kwamba sifa hiyo ya ulimwengu ilichangia kukiharibu kitabu chake. Mtu akikaa miaka 15 akiambiwa na nusu ya dunia kwamba yeye ni mwamba, ni vigumu kwake kukumbuka, anapoandika, usiku ule alipokuwa mavumbi.

Sura za mwisho zinalithibitisha jambo hilo. Alipotoka ubalozini alikwenda Roma, kisha Vienna. Papa Paulo wa Sita, aliyekuwa akitafuta njia ya kuwapatia Wakatoliki wa Hungaria maaskofu, na ambaye serikali yake ilikuwa imetiliana mapatano na Budapest tangu mwaka 1964, alimwomba ajiuzulu. Akakataa. Papa akatangaza kiti cha Esztergom kuwa wazi, na habari hiyo ikatolewa hadharani tarehe 5 Februari 1974, katika juma lile lile ambalo miaka 25 nyuma kesi yake ilikuwa ikisikilizwa. Mindszenty akatoa taarifa kwamba yeye hakujiuzulu, na kitabu kinafungwa kwa picha ya mtu aliyeingia uhamishoni kabisa kabisa. Kurasa hizi zinamtia msomaji uchungu wa kweli. Mwandishi haoni, au hataki kuona, kwamba kwa mara ya pili alikuwa anaombwa kukiacha kiti kwa ajili ya amani ya Kanisa, na kwamba mara ya kwanza alikuwa amekubali, ingawa kwa mateso. Maswali mawili yalikuwa yamesimama mbele yake bega kwa bega: je, barua ya Januari 1949 ilikuwa uongo mtupu uliotolewa kwa rungu, au kulikuwamo ndani yake chembe ya jambo ambalo askofu huru angeweza kulipima kwa hiari? Hatusemi jibu ni lipi. Wala hatumtetei Papa, ambaye tarehe aliyoichagua ilikuwa na ukatili hata kama haikukusudiwa. Tunasema kitabu chenye ujasiri wa siku 39 kilikuwa na uwezo wa kuuliza, nacho hakikuuliza.

Kwa wanafunzi wanaojiandaa kwa huduma tungeshauri wakisome kitabu hiki kwa kuanzia katikati, kwenye nyumba ya barabara ya Andrássy, ndipo warudi nyuma kwenye sura za ukuu na mwisho waende mbele kwenye zile za uhamisho. Wakisoma hivyo watakuwa na mtu mmoja mikononi mwao, si sanamu. Wasome pia habari za Grősz, ambaye aliandika jina lake na akafungwa vilevile, na za Ordass. Mindszenty alikufa Vienna tarehe 6 Mei 1975, akazikwa Mariazell nchini Austria, kwa kuwa hakutaka kurudi katika nchi yake ingali chini ya utawala ule. Mwili wake ulihamishiwa Esztergom tarehe 4 Mei 1991. Majeshi ya Kirusi yalimaliza kuondoka Hungaria mwezi uliofuata.